Huru Si Bure

Kiingereza kina neno dogo la herufi nne ambalo watoto wetu hukutana nalo mapema sana, nalo ni "free". Ni neno la kawaida kabisa. Utalikuta kwenye pakiti ya sabuni, kwenye tangazo la kampuni ya simu, kwenye mlango wa wakala wa watalii hapa mjini Arusha, na utalikuta vilevile katika katiba za mataifa makubwa. Mwalimu akiulizwa maana yake hujibu upesi kwamba ni "huru". Hapo ndipo mtoto mmoja wa nyuma hunyoosha kidole na kuuliza: ikiwa pakiti ya sabuni imeandikwa kwamba kijiko kilichomo ni "free", je, kijiko nacho kiko huru? Darasa hucheka, lakini swali hilo ni zuri kuliko jibu la mwalimu.

Nilifundisha Kiingereza na Kiswahili tangu nilipotoka chuo cha ualimu mwanzoni mwa miaka ya 1970 hadi nilipostaafu nikiwa mwalimu mkuu, na swali la kijiko nimelisikia kwa sura nyingi. Sasa nina wasaa wa kulijibu kwa kirefu. Ndugu msomaji asidhani kwamba huu ni mchezo wa mzee aliyekosa shughuli. Neno hili limehusika na ardhi ya mlima huu wa Meru, limehusika na Azimio lililopitishwa chini yake, na mpaka leo linahusika na sufuria ya makande katika shule za wajukuu zetu.

Tuanze kwa kuhesabu. Mwingereza hulitumia neno hilo kwa mfungwa aliyetoka gerezani. Sisi husema ameachiwa, yuko huru. Hulitumia kwa nchi inayojitawala. Sisi husema nchi huru. Kwa kitu kisicholipiwa tunasema bure, au bila malipo. Kwa mtu asiye na shughuli kesho saa nne tunasema ana nafasi. Kwa kiti kisichokaliwa tunasema ni kitupu, au kiko wazi. Kwa anayekubaliwa kupita tunasema ruksa, na nani asiyemkumbuka Rais Ali Hassan Mwinyi, aliyetuongoza kuanzia 1985 hadi 1995 na kupewa jina la Mzee Ruksa? Bidhaa isiyotozwa kodi mpakani Namanga ni bidhaa isiyo na ushuru. Chai isiyotiwa sukari ni chai kavu ya mgonjwa, au kwa adabu zaidi, chai isiyo na sukari. Kuku anayejitafutia chakula uani ni kuku wa kienyeji. Mwandishi asiyeajiriwa na gazeti lolote ni mwandishi wa kujitegemea. Kote huko Mwingereza anatumia neno lake lilelile moja.

Hata uwanjani wanatofautiana nasi. Nenda Uwanja wa Sheikh Amri Abeid siku ya mechi. Mchezaji akiangushwa, mwamuzi hupuliza filimbi, na Mwingereza atakwambia timu imepata "free kick". Mtangazaji wetu wa redio atasema ni mpira wa adhabu. Tukio ni moja, lakini mmoja ametazama aliyeruhusiwa kupiga bila kuzuiwa, na mwingine ametazama aliyekosa. Naona Mswahili ametazama vizuri zaidi, kwa sababu kama asingalikosa mtu, mpira ule usingalikuwapo.

Nimesikia vijana wakisema kwamba Kiswahili ni lugha maskini kwa kuwa hakina neno moja la kutosha mahali pote hapo. Mimi nasema kinyume. Lugha iliyotenga vyombo kumi kwa kazi kumi haiwezi kuitwa maskini mbele ya lugha inayopikia, kuogea na kuchotea maji kwa sufuria moja. Hata hivyo tuwe waadilifu. Liko jambo ambalo Kiingereza kinatushinda. Katika tamthilia ya Shakespeare juu ya Kaizari, mara baada ya kiongozi yule kuuawa, wale waliomchoma visu wanapiga kelele kwa maneno mawili, "liberty" na "freedom", moja lenye asili ya Kilatini na lingine la Kiingereza cha kale. Mwalimu Nyerere alipoitafsiri tamthilia hiyo na kuichapisha mwaka 1963, alikuwa na nchi yenye uhuru wa mwaka mmoja na ushei, na lugha yenye neno moja kubwa mahali ambapo Kiingereza kina mawili. Hilo ni pengo la kweli. Lakini ni pengo la upande mmoja tu.

Asili ya maneno nayo inafundisha. Wataalamu wa historia ya lugha wanaeleza kwamba "free" na "friend", yaani rafiki, yametoka katika shina moja la kale lililokuwa na maana ya kupenda. Aliyeitwa "free" alikuwa mpendwa wa nyumbani, mtu wa ukoo, tofauti na mtumwa aliyelala chini ya paa lilelile bila kuwa wa ukoo. Maana ya kutolipa ilikuja baadaye sana. Huru yetu imetoka kwa Waarabu, nayo pia ilimtenga mtu na mtumwa. Pwani walikuwa na neno lingine, mwungwana, yaani aliyezaliwa huru, na neno hilo lilisafiri na misafara hadi mashariki ya Kongo, ambako Kiswahili chao kiliitwa Kingwana. Baadaye watu wakaona kwamba kuzaliwa hakutoshi, wakasema mwungwana ni vitendo. Kwa hiyo lugha zote mbili zilianza na mtu, hazikuanza na bei. Tofauti ni kwamba Mwingereza aliliacha neno la mtu likaenda sokoni, na sisi tukalizuia.

Sokoni sisi tulipeleka neno lingine, bure, na neno hili lina nyuso mbili ambazo kila mzungumzaji anazijua hata kama hajawahi kuzitafakari. Uso wa kwanza ni kutolipa: amenipa bure. Uso wa pili ni kutofaa: nimekwenda bure, amekufa bure, maneno ya bure, kazi bure. Mtu akitaka kumdharau mwenzake husema, huyu ni bure kabisa. Mwite mtu huru, atanyoosha shingo. Mwite bure, ataondoka nyumbani kwako na hatarudi. Nadhani wazee waliotuachia neno hili walijua walilokuwa wakisema: kitu kisicho na bei huwa karibu sana na kitu kisicho na thamani. Yule mtoto wa sabuni basi ajibiwe hivi: kijiko hakiko huru, wala hasa si cha bure, kwa maana bei yake imeingizwa ndani ya sabuni. Ukiona vyaelea vimeundwa.

Sasa niseme ninachokikosoa. Kamusi zetu za Kiingereza na Kiswahili, kuanzia ile ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 hadi ile ya TUKI ya mwaka 1996, ni hazina, na sitaki kuwakosea heshima waliozitunga. Lakini kamusi ya lugha mbili hupanga visawe katika mstari mmoja, na mfasiri kijana mwenye haraka huchukua kile cha kwanza. Ndiyo maana siku hizi kila barua ya ofisi na kila mkutano unatuambia "jisikie huru kuuliza swali". Najisikiaje huru? Nilikuwa nimefungwa? Mswahili aliyelelewa na mama yake husema karibu uulize, au usisite, au usione haya. "Usione haya" ina hekima, maana inajua kinachomfunga muulizaji: si mnyororo, ni haya mbele ya watu. Vijana kwenye vifodi vya Kilombero wao wameamua kulichukua neno lenyewe, wanaulizana kama mtu "yuko fri". Hao siwalaumu sana. Aliyeazima neno zima anajua kwamba ameazima, lakini aliyeazima maana na kuivika kanzu ya Kiswahili anajidanganya kwamba ni yake.

Si kila kitu kipya ni kibaya. Mfano mzuri ni huria. Neno hili limetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya uhuru, lakini Kiswahili kimelipa kazi yake maalumu. Biashara ilipolegezewa masharti katika miaka ya 1980, wenye busara hawakusema soko huru, wakasema soko huria. Sheria ya mwaka 1992 ilipoanzisha chuo kikuu kisichowafungia nje watu wazima wenye kazi, kikaitwa Chuo Kikuu Huria. Soko si mtu, halikuwahi kuwa mtumwa. Limeondolewa vizuizi tu. Washairi nao waligombana juu ya jambo kama hilo. Sheikh Amri Abeid, ambaye uwanja wetu una jina lake, alitoa mwaka 1954 kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi, na miaka 20 baadaye, mwaka 1974, Euphrase Kezilahabi akatoa Kichomi, mashairi yasiyofuata vina na mizani. Wengine waliyaita mashairi huru, wengine huria, na wengine waliyaita majina nisiyoyarudia hapa. Swali lao lilikuwa la maana: je, shairi limefunguliwa minyororo, au limeondolewa tu uzio? Si jambo moja.

Na uzio ndio unaonirudisha mlimani. Sheria ya Kiingereza ina neno "freehold". Zamani huko Uingereza lilikuwa na maana ya ardhi iliyoshikwa na mtu huru, isiyo na kazi za kitwana kwa bwana wa eneo. Kisha likawa na maana ya kumiliki ardhi bila kikomo cha miaka. Wajerumani mwaka 1895 walitangaza kwamba ardhi waliyoiona haina mwenyewe ni mali ya utawala wao, kisha wakawamilikisha walowezi na wengineo sehemu zake. Mashamba hayo yakaizunguka Meru upande wa chini, yakawabana Wameru na Waarusha juu, kati ya mazao ya mlowezi na msitu. Waingereza walipokuja, kwa sheria yao ya mwaka 1923 waliiweka ardhi kwa jumla mikononi mwa gavana, ikatolewa kwa miaka isiyozidi 99, lakini zile hati za kudumu za wakati wa Wajerumani wakaziacha. Hati zilitofautiana, uzio ulikuwa mmoja.

Novemba 1951 serikali iliwaondoa watu wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki, upande wa kaskazini-mashariki ya mlima, na nyumba zao zikachomwa, ili eneo lile liwe la wafugaji wa Kizungu. Mwaka 1952 Kirilo Japhet, akisaidiwa na mwanasheria Earle Seaton, alikwenda New York kuieleza Umoja wa Mataifa habari hiyo, kwa kuwa Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini. Azimio la kuwaunga mkono Wameru lilipita katika kamati, lakini katika Baraza Kuu halikufikia theluthi mbili. Wawili hao waliandika kitabu juu ya kesi hiyo, kikatoka mwaka 1967, na nawasihi vijana wa wilaya hii wakitafute.

Mwaka 1958, serikali ya kikoloni ilipopendekeza kwamba hata Waafrika waanze kupewa ardhi kwa mtindo wa "freehold", Mwalimu Nyerere aliandika Mali ya Taifa kuupinga. Hoja yake ni rahisi: ardhi ni zawadi ya Mungu kwa wote, na mtu huwa na haki juu ya kile alichokiongeza kwa jasho lake; ikiwa ardhi itauzwa kama shati, maskini watauza na matajiri watanunua. Mwaka 1963 sheria ikazigeuza hati zote za namna hiyo kuwa za kupangishwa na serikali. Mimi nikiitazama hoja hiyo kama mwalimu wa lugha, naona Kiswahili kilikuwa upande wa Mwalimu. Sijapata kumsikia mkulima wa Poli au Nkoaranga akisema shamba lake ni "huru". Husema ni la baba yake, ni la ukoo, au ana hati. Huru ni mwenye shamba. Kiingereza kiliposema ardhi iko "free", kilimtazama aliye ndani ya uzio, na aliyesimama nje na mbuzi wake hakuonekana katika neno.

Miaka minne baadaye, mwishoni mwa Januari 1967, Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana hapa Arusha, na tarehe 5 Februari Azimio likatangazwa. Jumba la Kaloleni sasa ni makumbusho, na Mnara wa Mwenge uko jirani, hivyo watu hupita kila siku bila kukumbuka hoja. Hoja mojawapo ilikuwa kwamba taifa linalotegemea zawadi na mikopo ya wengine linauhatarisha uhuru wake. Msomaji atazame vizuri: katika sentensi hiyo huru na bure ni mahasimu. Ukizidisha cha bure, unapungukiwa na uhuru. Ijaribu hoja hiyo kwa Kiingereza, ukitumia neno lao moja, utaona inavyojikwaa. Na neno lililozaliwa katika ugomvi huo ni kujitegemea, ambalo baadaye tulimpa hata yule mwandishi asiye na mwajiri. Aidha, Mwalimu alipokusanya hotuba na maandishi yake katika vitabu vitatu, aliviita Uhuru na Umoja, Uhuru na Ujamaa, Uhuru na Maendeleo. Hakuna mahali alipouacha Uhuru peke yake jaladani. Kila mara aliupa mwenzi wa kufanya naye kazi.

Haya yote yangebaki mambo ya maktaba kama si shule. Karo ya shule za msingi ilifutwa mwaka 1973. Katikati ya miaka ya 1980 malipo yakarudi. Mwaka 2001 ada ikafutwa tena. Na Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 ukafuta ada na michango ya lazima hadi kidato cha nne, kuanzia Januari 2016. Mwaka 2022 wakaongezwa kidato cha tano na cha sita. Kabla ya hapo sekondari ya kutwa ilitoza shilingi 20,000 kwa mwaka, na nawajua watoto wenye akili ambao fedha hiyo iliwaachisha shule. Sitaki mtu yeyote anielewe kwamba nautetea wakati ule.

Lakini angalia maneno. Waraka ulisema elimu bila malipo. Mitaani tukasema elimu bure. Serikali ilichagua neno sahihi, na sisi tukalitupa kwa sababu lingine ni fupi. Nilihudhuria mkutano wa wazazi katika shule moja ya mteremkoni, nikiwa babu wa mwanafunzi. Wazazi walikuwa wanajadili kutoa mahindi na maharage kwa hiari, watoto wapate makande mchana. Baba mmoja akasimama akasema: "Sisi tuliambiwa bure. Bure ni bure." Baadhi wakapiga makofi. Mama mmoja, muuza ndizi wa soko la Tengeru, akainuka pole pole: "Shikamoo wazee. Baba, maji ya mfereji unayalipia?" Akajibu hapana. "Basi ni ya bure. Mbona siku ya kuchimba mfereji tunatoka wote, na asiyetoka mnamfungia maji? Mimi mwanangu si wa bure." Akaketi. Mahindi yalipatikana, ingawa si ya kutosha mwaka mzima.

Mama yule hakuwa na kamusi, lakini alifanya uhakiki ambao wengi wenye shahada hawajaufanya. Alionyesha kwamba kitu kinaweza kutokuwa na bei mlangoni na bado kikawa na jasho la watu ndani yake. Elimu ya watoto wetu imekwisha kulipiwa: kwa kodi ya sukari, kwa ushuru wa soko, kwa mshahara mdogo wa mwalimu anayefundisha watoto wengi mno katika chumba kimoja. Mzazi akiamini kwamba ni bure, kwa uso wa kwanza wa neno, haichukui muda mrefu kabla uso wa pili haujageuka: haulizi daftari, haji mkutanoni, haoni ajabu mwanawe akimaliza darasa la saba bila kusoma barua. Na kwa upande mwingine, mwalimu anayemrudisha mtoto nyumbani kwa sababu ya kilo mbili za maharage naye hajaelewa. Amefunga kwa uzio mwingine mlango uliofunguliwa. Mtoto anapoingia darasani awe huru, maana umaskini wa baba yake haupaswi kumfuata dawatini. Anachopewa humo ndani kisiwe bure.

Kwa walimu vijana, wanaokutana na neno hili kila wiki vitabuni, natoa ushauri mmoja tu wa kazi. Mkilikuta, msikimbilie kisawe. Ulizeni kwanza maswali mawili: nani amefunguliwa, na nani amelipa. Kama linalojibika ni la kwanza, andikeni huru, au huria, au wazi, kadiri ya jambo lenyewe. Kama ni la pili, andikeni bila malipo, kisha muwaambie watoto nani aliyelipa. Na kama hakuna anayejua kulijibu lolote kati ya hayo mawili, liacheni neno hilo lilipo, mkaeleze jambo lenyewe kwa Kiswahili kirefu. Wino si ghali kiasi hicho.